Kujikinga na Matapeli Wanaowinda Watengeneza Maudhui Wapya wa Kripto: Mwongozo Kamili

Chaneli yenye wafuasi 900 wanaosikiliza habari za kripto kwa Kiswahili ina soko lake, hata kama mwenyewe hajaingiza senti. Oktoba 2021 kitengo cha Google kinachofuatilia wadukuzi kilieleza kwamba chaneli za YouTube zilizotekwa zilikuwa zikiuzwa kati ya dola 3 na dola 4,000, kutegemea wingi wa wafuasi. Nyingi zilibandikwa jina na nembo ya kampuni kubwa ya teknolojia au ya soko la sarafu, kisha zikarusha mubashara ahadi ileile ya zamani: tuma sarafu moja, utarudishiwa mbili. Kwa hiyo tapeli anayekuandikia haanzi kwa kutazama salio lako. Anawatazama watu wanaokuamini, na anataka kuwafikia akiwa amevaa sura yako.

Ndiyo maana onyo la kawaida la "usimpe mtu maneno yako ya siri", yaani yale 12 au 24 yanayofungua pochi ya kripto, halimtoshi mwenye chaneli. Una vitu vitatu vya kulinda: akaunti, pochi na jina. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kabla ofa ya kwanza ya udhamini haijaingia, wakati bado huna haraka.

Nusu siku ya maandalizi

Anza na barua pepe mbili. Moja ndiyo inayomiliki chaneli, na haionekani popote: si kwenye maelezo ya video, si kwenye Telegram, wala si kwenye kadi ya biashara. Ya pili ni ya ofa, na hiyo itangaze upendavyo. Watu wengi hufanya hivyo halafu wanazifungua zote mbili kwenye kompyuta moja, wakidhani wasifu tofauti wa Chrome unatosha. Hautoshi. Programu hasidi za kuiba taarifa, kama RedLine na Lumma, hukomba mafaili ya vivinjari vyote na wasifu wote uliomo kwenye mashine. Ofa zifungulie kwenye simu ambayo haina akaunti ya chaneli wala pochi, au kwenye kompyuta ya zamani usiyoijali.

Kwenye akaunti inayomiliki chaneli, weka ufunguo wa siri wa kifaa (passkey), ule unaofunguka kwa alama ya kidole, au ufunguo wa USB. Ukinunua wa USB, nunua viwili, maana kimoja kitapotea. Kama uwezo haujafika hapo, tumia programu ya namba za kuingilia kama Google Authenticator. Ujumbe mfupi wa simu uwe chaguo la mwisho kabisa. Chapisha zile namba 10 za akiba ambazo Google hutoa na uziweke ndani na vyeti vyako, si kwenye picha za simu. Google pia ina mpango wa ulinzi wa juu, Advanced Protection, usiolipiwa. Tunaupendekeza kwa kila anayezungumzia kripto hadharani, hata mwenye chaneli changa.

Laini ya simu nayo ni mlango. Januari 2024 akaunti ya X ya SEC, mamlaka ya dhamana na mitaji ya Marekani, ilitekwa kwa njia ya kubadilisha laini, yaani namba ya simu kuhamishiwa kwenye laini ya mwizi, na wakati huo haikuwa na uthibitishaji wa hatua mbili. Kenya, mteja wa Safaricom hupiga *100*100# kuzuia laini yake isibadilishwe kiholela. Tanzania, piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua ukaifutishe.

Anayekuhariria video usimpe nywila. Ndani ya YouTube Studio nenda Settings, kisha Permissions, umwalike kwa barua pepe yake na umpe nafasi ya Editor. Hawezi kuongeza watu wengine wala kufuta chaneli. Akiondoka, unamtoa kwa mbofyo mmoja.

Telegram: washa nywila ya hatua ya pili, ficha namba ya simu kwa kuchagua Nobody, kisha fungua Devices uone vifaa vyote vilivyoingia. Mwisho, kwenye Windows 11 fungua kabrasha lolote, bofya View, kisha Show, kisha File name extensions. Windows huficha herufi za mwisho za jina la faili, na bila hatua hiyo faili liitwalo Mkataba.pdf.scr litaonekana mbele yako kama Mkataba.pdf.

Barua ya udhamini

Hapa ndipo wengi wanapoingizwa mkenge, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Barua huja na salamu nzuri, inataja video yako moja kwa jina, na inaahidi pesa isiyolingana na ukubwa wako: dola 1,200 kwa tangazo la sekunde 30 kwenye chaneli yenye watazamaji 400 kwa video. Barua ya kwanza mara nyingi haina kiambatisho. Tapeli anataka ujibu kwanza, ili barua ya pili isichujwe na Gmail na ili mhamie WhatsApp, Telegram au Discord, ambako kichujio hicho hakifiki. Ndipo linakuja faili lenye "mkataba na maelekezo ya tangazo", au linki ya kupakua programu unayotakiwa kuikagua.

Faili hilo huwa na tabia zinazojirudia. Limefungwa ndani ya RAR au ZIP yenye nywila, na nywila imeandikwa kwenye ujumbe. Lengo ni kuzuia programu za kinga zisione kilichomo. Ndani yake kuna faili la .scr au .exe, yaani programu na si hati, lenye picha ya PDF. Wakati mwingine limejazwa data tupu hadi likavuka MB 650, ambao ndio ukomo wa faili zinazopokelewa na VirusTotal, tovuti ya kukagua virusi. Mkataba wa kurasa nne hauwezi kuwa na MB 700. Ukiona ukubwa huo, umeshajua.

Ukilifungua, huenda usione chochote. Kwa sekunde chache linakusanya kuki za kuingilia, zile zinazoiambia Google kwamba "huyu tayari ameshaingia". Mwizi akiziweka kwenye kivinjari chake anaingia bila kuulizwa nywila wala namba ya pili, kwa sababu maswali hayo uliyajibu wewe jana. Machi 2023 chaneli ya Linus Tech Tips, wakati huo ikiwa na wafuasi zaidi ya milioni 15, ilitekwa hivyo hivyo: mfanyakazi alifungua faili lililojifanya ofa ya udhamini, na chaneli ikageuzwa kuwa ya Tesla ikirusha mubashara utapeli wa kripto. Hao ni watu wa kompyuta kwa kazi. Kwa hiyo usijiamini kwamba jicho lako litatosha, tegemea utaratibu.

Utaratibu wenyewe ni huu:

1. Soma kilicho kulia kwa alama ya @. Kama kampuni inaitwa mfano.com na barua imetoka mfano-partners.com au mfano.media, ichukulie kuwa ya uongo hadi ithibitike.
2. Tafuta umri wa kikoa hicho, yaani jina hilo la tovuti, kwenye lookup.icann.org. Kampuni inayodai kufanya kazi tangu 2018 na kikoa kilisajiliwa wiki tano zilizopita haina la kujitetea.
3. Usijibu barua hiyo. Andika jina la kampuni mwenyewe kwenye kivinjari, fungua ukurasa wao wa mawasiliano, na uulize kama mtu huyo anafanya kazi kwao. Kampuni ya kweli hujibu, hata kama ni baada ya siku nne. Tapeli ndiye asiyeweza kusubiri siku nne.
4. Omba mkataba kama PDF ya kawaida, uifungue ndani ya Gmail bila kuipakua, au kama hati ya Google Docs. Wakikataa wakisema mfumo wao unataka upakue, funga mazungumzo.
5. Taja bei yako na malipo ya nusu mbele. Mdhamini hulipa, hadai "ada ya usajili wa balozi", "dhamana" wala "kodi ya kutolea malipo". Kiasi chochote unachotakiwa kutoa ili ulipwe ni utapeli, hata kama ni shilingi elfu tano.

Anwani ya mtumaji ikiwa sahihi, bado si ushahidi kamili. Mwaka 2023 matapeli walitumia huduma ya YouTube yenyewe ya kushirikisha video, na barua zikafika kweli kutoka no-reply@youtube.com zikidai kuna sera mpya ya malipo. Mwaka 2025 walirudia kwa video ya faragha yenye sura bandia ya mkuu wa YouTube, Neal Mohan. YouTube haitumi taarifa kwa njia ya video ya faragha. Tangazo la kweli utalikuta ndani ya Studio.

Mahojiano, podikasti na michezo ya kujaribu

Ukianza kujulikana kidogo utaalikwa kuhojiwa. Kuna mitego minne ya kuijua.

Wa kwanza ni programu ya mkutano usiyoisikia popote. "Sisi hatutumii Zoom, pakua hii yetu." Usipakue, mwambie mwalike kwa Google Meet ndani ya kivinjari.

Wa pili hutumia Zoom halisi. Mwenyeji hubadilisha jina lake ndani ya mkutano kuwa "Zoom", kisha huomba ruhusa ya kuendesha kompyuta yako. Ujumbe unaojitokeza unasomeka kana kwamba Zoom yenyewe ndiyo inayoomba, na mtu aliyezama kwenye mazungumzo hubofya kukubali. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti yako kwenye tovuti ya Zoom, utafute Remote control, uizime kabisa.

Wa tatu ni linki ya kupanga muda inayokupeleka X na kukuomba uidhinishe app. Soma ruhusa zinazoombwa. Kalenda haina sababu ya kutaka kuandika machapisho kwa niaba yako. Zilizokwisha kuidhinishwa utazikuta Settings, Security and account access, Apps and sessions.

Wa nne ni ukurasa unaodai kuthibitisha kwamba wewe si roboti, kisha unakuambia ubonyeze Windows na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Ulipobofya tu, ukurasa ulishaweka amri kwenye ubao wa kunakilia, na wewe unaiendesha kwa mikono yako. Mtego huohuo umeonekana Telegram kwenye roboti bandia za "uthibitisho" mlangoni mwa makundi.

Michezo ya kripto inastahili neno lake. Ujumbe wa "jaribu mchezo wetu, tutakulipa dola 200" ni chambo cha miaka mingi, na duka halisi si kinga. Septemba 2025 mrushaji mmoja wa matangazo mubashara aliyekuwa akichangisha fedha za matibabu ya saratani aliibiwa zaidi ya dola 30,000 akiwa hewani, baada ya kupakua mchezo uitwao BlockBlasters uliokuwa kwenye duka la michezo la Steam. Mchezo ulitoka Julai ukiwa safi. Sasisho la mwishoni mwa Agosti ndilo lililobeba wizi. Anayetaka kukagua michezo awe na kompyuta ya michezo tu, isiyo na pochi wala barua pepe ya chaneli.

Pochi tatu, si moja

Mtengeneza maudhui anahitaji pochi tatu, kila moja na maneno yake 12 au 24. Tunasisitiza maneno yake, kwa sababu kosa linaloonekana kila siku ni kufungua akaunti tatu ndani ya programu moja ya pochi, kama MetaMask, na kudhani zimetengana. Zote zinazaliwa na maneno yaleyale. Yakivuja, zinaondoka pamoja.

Ya kwanza ni ya akiba, ikae kwenye kifaa kama Ledger au Trezor. Haiunganishwi na tovuti yoyote, haionyeshwi kwenye kamera, na anwani yake haitajwi. Ya pili ni ya kupokea malipo. Pesa ikiingia inahamishwa. Ya tatu ni ya maonyesho, iwe na dola 10 hadi 30, na hiyo ndiyo unayoiunganisha na tovuti wakati wa kurekodi.

Ukifundisha jinsi ya kufungua pochi, maneno yatakayoonekana kwenye video yawe ya pochi utakayoitupa siku hiyohiyo. Kuyafifisha wakati wa kuhariri hakuaminiki: fremu moja ikikuponyoka inatosha, na orodha ya maneno yanayotumika inajulikana, ni maneno 2,048 tu, hivyo herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua neno. Kwenye OBS, programu ya kurekodi skrini, rekodi dirisha moja badala ya skrini nzima, na zima arifa zote. Salio kubwa usilionyeshe hata kwa majigambo. Wapo wanaokuja mlangoni.

Kisha kuna ruhusa. Tovuti ya kubadilishia tokeni, yaani sarafu zilizoundwa juu ya mtandao uliopo, haiwezi kugusa tokeni zako hadi uiruhusu, na ruhusa hiyo ina kiwango. Tovuti nyingi, hata za halali, huomba kiwango kisicho na ukomo kwa ajili ya urahisi. Tovuti ya wizi huomba hichohicho, halafu inachukua vyote. Dirisha la MetaMask likitokea, tazama Spending cap na uandike kiasi unachobadilisha tu. Ukiona SetApprovalForAll wakati hukuwa unauza NFT (tokeni za kipekee, kama za picha), kataa.

Hatari zaidi ni saini isiyo na ada. Aina iitwayo Permit hutoa ruhusa kwa kusaini ujumbe tu. Haigharimu kitu na haionekani kwenye historia ya pochi hadi mwizi aitumie. Watu huambiwa "saini tu uthibitishe pochi ni yako ili upokee malipo". Kupokea pesa hakuhitaji saini yoyote. Anayekulipa anahitaji anwani, basi. Kampuni ya usalama Group-IB ilikadiria kwamba kundi moja la zana za namna hii, Inferno Drainer, lilichukua zaidi ya dola milioni 80 kati ya Novemba 2022 na Novemba 2023, nyingi kupitia kurasa zilizoiga miradi inayojulikana.

Mara moja kwa mwezi fungua revoke.cash kwa kuandika anwani mwenyewe, uunganishe pochi ya maonyesho na ufute ruhusa zisizo na kazi. Kila ufutaji una ada ya mtandao. Kama maneno ya siri ndiyo yaliyovuja, kufuta ruhusa ni kazi bure. Hamisha kilichobaki kwenda pochi mpya.

Kwa kuwa anwani yako ya malipo itajulikana, tarajia pia kuwekewa sumu kwenye historia. Tapeli hutengeneza anwani yenye herufi za mwanzo na za mwisho kama za mtu uliyemtumia pesa, kisha hukutumia kiasi kidogo sana au sifuri ili ijipange kwenye orodha. Mei 2024 mtu mmoja alinakili anwani ya namna hiyo akatuma Bitcoin zilizofungashwa (WBTC, tokeni inayofuata bei ya Bitcoin) za thamani ya dola milioni 68 hivi. Sehemu kubwa ilirudishwa baadaye, bahati isiyowapata wengi. Usinakili anwani kutoka kwenye historia, na linganisha herufi za katikati pia.

Malipo ya tokeni: hesabu ya kufanya kabla hujakubali

"Tutakulipa tokeni zetu za thamani ya dola 5,000." Thamani hiyo ni bei ya muamala wa mwisho zidisha kwa idadi. Haikuambii kama kuna mnunuzi.

Fungua tokeni hiyo kwenye tovuti ya DexScreener utazame ukwasi wa bwawa, yaani kiasi kilichowekwa ili watu wanunue na kuuza humo. Chukua bwawa lenye USDT 1,000 (sarafu inayofuata bei ya dola) upande mmoja na tokeni za thamani ya dola 1,000 upande wa pili. Mabwawa ya kawaida hulinda zao la kuzidisha pande hizo mbili lisibadilike, kwa hiyo ukiingiza tokeni zako "za dola 5,000" utatoa 1,000 × 5,000 ÷ 6,000, yaani USDT 833, kabla ya ada. Na hiyo ni kama wewe ndiye wa kwanza kuuza. Waliolipwa kama wewe wakikutangulia, au mwenye mradi akiondoa ukwasi, unabaki na namba kwenye skrini.

Angalia pia kama tokeni inauzika kabisa. Mikataba janja mingine, yaani programu zinazoendesha tokeni, imeandikwa ili kila mtu aweze kununua lakini mwenye mradi tu aweze kuuza. Honeypot.is huigiza ununuzi na uuzaji na kukuonyesha makato ya kila upande. Kodi ya kuuza ya asilimia 90 ni sawa na kutouzika. Jibu safi lisikulevye, kwa kuwa baadhi ya mikataba humruhusu mmiliki kubadilisha kodi baadaye. Msimamo wetu: malipo ya tangazo yawe USDT au fedha za kawaida. Tokeni zikija, zichukulie kama kofia na fulana za matangazo.

Hata USDT huigizwa. Mtu yeyote anaweza kutengeneza tokeni akaiita USDT, na picha ya skrini ya muamala haina thamani yoyote. Fungua Tronscan au Etherscan, tovuti zinazoonyesha miamala yote, tafuta muamala, na ulinganishe anwani ya mkataba wa tokeni na ile iliyo kwenye tovuti ya Tether, kampuni inayotoa USDT.

Kugeuza USDT kuwa M-Pesa

Kwenye soko la mtu kwa mtu (P2P), ambako unamuuzia sarafu mtu mwingine kupitia soko la sarafu, ujumbe wa kuingia pesa si pesa. Fungua menyu, *150*00# kwa Vodacom Tanzania au *334# kwa Safaricom, utazame salio lenyewe. Jina la mtumaji lilingane na jina lililothibitishwa kwenye soko; la "binamu yangu" likija, usiachie sarafu, fungua shauri ndani ya soko. Pesa hiyo huenda imeibwa kwa mtu wa tatu, na atakayetafutwa na polisi ni mwenye laini iliyopokea. Mazungumzo yote yabaki ndani ya soko. Kenya, mnunuzi mjanja anaweza pia kuomba muamala urudishwe baada ya wewe kuachia sarafu, kwa hiyo mazungumzo hayo ndiyo utetezi wako. Chagua wenye miamala mingi iliyokamilika, hata kama bei yao ni pungufu kidogo.

Maoni chini ya video

Hapa wanaowindwa ni watazamaji wako. Akaunti yenye picha na jina lako itajibu maoni kwa namba ya WhatsApp. Kwenye Studio, sehemu ya Community, weka "WhatsApp", "Telegram" na "+1" kwenye maneno yanayozuiwa, na zuia linki. Bandika maoni ya juu yasemayo kwamba hutoi namba wala huombi pesa.

Utaona pia mtu anayejifanya mjinga: "Nina USDT kwenye pochi yangu, maneno yangu 12 ni haya, nifanyeje kuzitoa?" Pochi hiyo kweli ina USDT. Haina TRX, sarafu ya kulipia ada kwenye mtandao wa Tron, na ruhusa zake zimepangwa ili anwani nyingine ndiyo iidhinishe utoaji. Mwenye tamaa akituma TRX za kulipia ada, zinaondoka papo hapo. Futa maoni hayo kila yanapotokea. Yakikaa chini ya video yako, wewe ndiye unayempa tapeli kibanda.

Vitisho vya hakimiliki

Mtu anawasilisha madai mawili ya uongo dhidi ya video zako, kisha anakuandikia: lipa dola 150, au weka linki hii kwenye maelezo, la sivyo dai la tatu linakuja na chaneli inafungwa. Madai matatu ndani ya siku 90 kweli hufunga chaneli, ndiyo maana watu hulipa. Usilipe. Hifadhi ujumbe, wasilisha pingamizi ndani ya Studio, na ambatanisha ushahidi wa kudaiwa pesa unapowasiliana na YouTube. Agosti 2019 YouTube ilimfungulia kesi Marekani mtu aliyefanya hivyo dhidi ya watengeneza maudhui wa Minecraft, na akakubali kulipa dola 25,000. Zingatia tu kwamba pingamizi hupeleka jina na anwani yako kwa mdai. Wakili anaweza kuwasilisha kwa niaba yako.

Ukitangaza mradi mbovu

Kuna utapeli ambao hauchukui kitu kwako: unakulipa vizuri, kwa wakati, na unaondoka na pesa za watazamaji. Kisheria unaweza kubaki wewe. BitConnect, mradi wa kripto, iliporomoka Januari 2018. Mei 2021 SEC iliwashtaki watu watano walioitangaza, baadhi yao wenye chaneli za YouTube. Oktoba 2022 Kim Kardashian alikubali kulipa dola milioni 1.26 kwa kutotaja kwamba alilipwa dola 250,000 kuitangaza tokeni ya EthereumMax. Kwa walioko Uingereza, tangu 8 Oktoba 2023 kutangaza kripto kinyume na kanuni za FCA, mamlaka ya huduma za fedha ya huko, ni kosa linaloweza kumpeleka mtu jela hadi miaka miwili.

Kenya sasa ina sheria ya mwaka 2025 ya watoa huduma za mali za kidijitali, chini ya benki kuu (CBK) na mamlaka ya masoko ya mitaji (CMA). Tanzania, benki kuu (BoT) iliwatahadharisha wananchi kuhusu sarafu hizi tangu Novemba 2019. Mradi ukikuambia "tumesajiliwa", omba namba ya leseni na uitafute kwa msimamizi mwenyewe. Cheti cha kusajili kampuni BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania, au Companies House ya Uingereza, si leseni ya kupokea fedha za watu; kinathibitisha tu kwamba mtu alijaza fomu. Ahadi ya faida ya kila siku isiyobadilika, hata asilimia 1, inatosha kuikataa kazi: ikikusanywa juu kwa juu, asilimia 1 kwa siku huzidisha mtaji zaidi ya mara 37 kwa mwaka. Na kila tangazo la kulipwa liseme hivyo kwa sauti ndani ya sekunde za mwanzo, si kwa herufi ndogo chini ya maelezo.

Ukishapigwa: saa ya kwanza

1. Tenganisha kompyuta na intaneti. Yote yanayofuata yafanye kwenye kifaa kingine.
2. Hamisha kilichobaki kwenye pochi kwenda pochi mpya yenye maneno mapya, ukianza na chenye thamani kubwa.
3. Badilisha nywila ya Google, kisha kwenye Your devices toa kila kifaa. Usitegemee kubadilisha nywila peke yake.
4. Kama mwizi amebadilisha simu au barua pepe ya kurejeshea, jaribu zako za zamani: Google huziruhusu kwa hadi siku 7 baada ya kubadilishwa.
5. Kwenye YouTube Studio ondoa watu usiowajua katika Permissions, simamisha matangazo mubashara, na uwaandikie @TeamYouTube kwenye X.
6. Watangazie watazamaji kupitia mtandao mwingine kwamba chaneli imetekwa. Fanya hivyo mapema. Aibu yako ni ndogo kuliko hasara yao.
7. Kompyuta ifutwe yote na Windows iwekwe upya. Kuipitisha kwenye antivairasi na kuendelea na kazi ni kujidanganya.

Ndani ya saa hizo utaandikiwa na "wataalamu wa kurejesha kripto", wengine wakiwa na nembo za polisi wa kigeni. Hakuna anayeweza kugeuza muamala uliothibitishwa; wanataka ada ya pili.

Kinachowezekana ni kufuata pesa ilikokwenda. Nakili namba ya muamala na anwani zilizopokea, ufuatilie kwenye Tronscan au Etherscan kama zimeishia kwenye soko la sarafu linalojulikana, na ufungue tiketi kwa soko hilo mara moja. Ili wazuie akaunti wataomba ripoti ya polisi: RB kwa Tanzania, namba ya OB kwa Kenya. Tether nayo ina uwezo wa kugandisha USDT ndani ya anwani, lakini husikiliza vyombo vya dola, kwa hiyo ripoti hiyo ndiyo tiketi yako. Kenya unaweza pia kupiga simu ya Fichua kwa DCI, idara ya upelelezi, 0800 722 203, bila malipo. Tanzania, namba iliyokutumia ujumbe wa kitapeli itume kwenda 15040. Nenda kituoni na kila kitu kimechapishwa: barua, picha za mazungumzo, namba za miamala zikiwa kamili, na saa ya kila tukio. Afisa akikuuliza nani aliiba, mpe anwani ya pochi na jina la soko lilikoishia.